UZI: Mzee kaniambia Mawenzi yangu imenyolewa, ndo nikaijua LOD (kiwango cha undani wa picha)

#1 Meku_Pikseli

Wakuu habari za leo. Wale wa gemu za ndege na wale wa kodi (za kompyuta, sio za serikali) njooni hapa, wengine mnisamehe uzi ni mrefu.

Mi niko Moshi, mchana nashinda stesheneri naprinti barua za watu za maombi ya kazi, usiku naandika kasimuleta kangu ka ndege. Sio ka kuuza, ni ugonjwa tu. Nataka niondoke KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwenda mashariki, nikate kushoto, niuone mlima Kilimanjaro ulivyo, na vilele vyake Kibo na Mawenzi.

Sasa mwezi uliopita nikamuita mzee wangu aje aone. Huyu mzee kazaliwa Old Moshi, huo mlima kauangalia maisha yake yote. Nimeweka kamera juu ya Moshi mjini inatazama kaskazini, mzee kavaa miwani, kaangalia kimya kama dakika nzima afu akasema, "Kibo sawa. Mawenzi nani kainyoa?"

Nikacheka. Ila kesho yake asubuhi mlima umefunguka vizuri nikatoka nje nikaangalia, kweli bwana. Mawenzi ina meno meno kama msumeno mbovu, ya kwangu ilikuwa kichuguu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Data naitumia ya SRTM, ile rada iliyobebwa na chombo Endeavour Februari 2000, safari ya siku 11, wakapima dunia kuanzia nyuzi 60 kaskazini mpaka 56 kusini. Zamani huku kwetu tulikuwa tunapata ya mita 90 tu, ya mita 30 ikaanza kuachiwa 2014 na Afrika ndo tukawa wa kwanza kwenye foleni, mara moja moja na sisi tunawahi. Imekatwa vigae vya digrii moja moja. Kigae chenye Kilimanjaro ni S04E037, ndani yake kuna namba 3601 kwa 3601, kila namba ni urefu wa sehemu moja kwa mita, baiti mbili mbili, faili zima halifiki hata MB 26. Yani bando la buku linatosha na chenji inabaki.

Kuisoma kwenyewe nilipata tabu. Zile baiti mbili zimepangwa kubwa kwanza, kompyuta zetu zinataka ndogo kwanza, sa usipozigeuza uwanja wa KIA ambao uko mita 894 unasomeka mita 32,259. Siku ya kwanza nimefungua nikakuta Kilimanjaro nzima ni nungunungu. Siku ya pili nikakuta mlima umehamia Simanjiro, kumbe mistari inaanza kaskazini inashuka kusini na mi nimeisoma kinyume.

Basi nilivyorekebisha nikachora kila kitu. Ardhi inachorwa kwa kuunganisha nukta ziwe pembetatu, kwaiyo kigae kimoja ni pembetatu karibu milioni 26 (3600 mara 3600 mara 2). Laptopu yangu ya mtumba ililia kama mashine ya kusaga, fremu 2 kwa sekunde. Na hapo ni kigae kimoja, ukiwa kwenye ndege kubwa kilomita 11 juu upeo wa macho uko kilomita kama 370, hiyo ni zaidi ya vigae 30. Haiwezekani.

Kwaiyo nikafanya wanachofanya wote mwanzoni, nikapunguza undani kwa umbali. Ndani ya kilomita 5 nukta kila mita 30, mpaka kilomita 15 kila mita 120, kuanzia hapo kila mita 480. Ikakimbia safi. Na Mawenzi kutoka Moshi mjini iko kilomita kama 30, ikaangukia kwenye mita 480, ikanyolewa.

Mashamba ya miwa ya TPC kule chini, tambarare kama meza, nikiruka juu yake yanaingia kwenye duara la karibu kwaiyo yanakula pembetatu maelfu kuonyesha... meza. Mawenzi yenye miamba inaenda juu kama ukuta inapewa pembetatu za kuhesabu kwa vidole. Yani nilikuwa nampa ugali aliyeshiba.

Nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza hii sehemu iko mbali kiasi gani, nauliza nikirahisisha hii sehemu, kwenye skrini kosa litaonekana pikseli ngapi? Hesabu yake ni nyepesi, skrini yangu ina pikseli 1080 kwenda juu, kamera inaona nyuzi 60 juu hadi chini, inatoka namba 935. Chukua kosa kwa mita, zidisha 935, gawanya kwa umbali kwa mita. Basi.

Jaribu. Shamba la TPC likiwa kilomita 2, nikirahisisha mpaka nikose mita 2, inakuwa 2 × 935 ÷ 2000, haifiki pikseli moja. Hakuna binadamu atakayeona. Mawenzi iko kilomita 30, nikirahisisha kilele kikapoteza mita 150, inakuwa 150 × 935 ÷ 30,000, karibu pikseli 5. Na pale nyuma ni anga tupu, pikseli 5 za mstari wa mlima kwenye anga hata mzee wa miaka sabini na ushee anaziona.

Ndo hivo. Kwa Moshi pikseli moja ya Mawenzi ni kama mita 32, data yetu ni ya mita 30, kwaiyo imekaa palepale, haina haja ya kutafuta data nyingine.

Natia nanga hapa kwanza, wajuzi wajazie.

#2 rubani_wa_kochi

Uzi bila picha ni sawa na mtori bila nyama mkuu. Weka picha.

#3 Meku_Pikseli

Usiku mkuu, nipo kazini kuna mtu anataka kopi 200.

#4 dada_wa_rada

Uzi mzuri kaka ila ile aya ya mwisho umechanganya mafaili. Mita 30 ni nafasi kati ya nukta na nukta, sio kosa. Kosa ni tofauti ya urefu kati ya ardhi yenyewe na ile pembetatu uliyoitandika juu yake. Kwenye miwa yako unaweza kuwa na nukta kila mita 480 na kosa likawa mita 1. Kwenye Mawenzi unaweza kuwa na nukta kila mita 30 na bado kuna kinara chembamba kimepita katikati ya nukta mbili, rada yenyewe haijakishika. Hicho hakitarudi hata ubembeleze.

Tena rada ilikuwa inapiga kwa pembeni, kwenye miamba mikali kuna sehemu inakuwa kivulini, hapo faili linaandika -32768 maana yake sijaona kitu. Matoleo ya zamani yana mashimo hayo, ya karibuni yamezibwa kwa data nyingine. Kwaiyo kabla hujailaumu LOD hakikisha faili lako limezibwa.

#5 Meku_Pikseli

Dada umenikamata kweupe. Nakubali, nafasi sio kosa. Ajabu ni kwamba kwenye kodi nimefanya sawa ila kwenye maelezo nimeteleza. Kwenye kodi kila kipande kina namba yake ya kosa niliyoipika mapema, naenda nukta kwa nukta naangalia ile pembetatu imepita juu au chini ya urefu halisi kwa mita ngapi, nachukua ile mbaya kuliko zote. Na mzazi lazima awe na kosa sawa au kubwa kuliko watoto wake, la sivyo kuna siku mtoto anaitwa na mzazi hajaitwa, inakuwa vurugu.

#6 chalii_wa_sakina

Oya mangi, vipande umevikataje? Me naandika yangu huku Chuga (Arusha), nataka mti wa nne nne, kila kipande kinagawanyika vinne, ila 3600 inanisumbua, haigawanyiki vizuri.

#7 Meku_Pikseli

Chalii yangu hiyo 3600 nayo ilinitoa jasho. Igawe kwa mbili, 1800, 900, 450, 225, hapo inagoma. Watu wengi wanaivuta iwe 4096 ila ukivuta unabadilisha data, mi sikutaka. Nikaamua kila kipande kiwe mraba wa 225 kwa 225 popote kilipo kwenye mti. Kile cha juu kabisa kinafunika kigae chote, nukta kila mita 480 hivi. Ukishuka inakuwa 240, 120, 60, 30. Ngazi tano, imetimia kabisa. Na uzuri mwingine, 225 ina nukta 226 kwa 226 ambazo ni 51,076, haivuki 65,536, kwaiyo namba za kuunganishia pembetatu zinatosha kwenye baiti mbili, na orodha ni ile ile moja kwa vipande vyote. Kwa laptopu kama zetu hiyo ni mbuzi mzima umeokoa.

Wakati wa kuchora ni swali moja tu. Naanza juu, kosa la hiki kipande likiwekwa kwenye ile hesabu linazidi pikseli 2? Ndio, kigawanye, waulize watoto. Hapana, kichore hivo hivo twende mbele. Kamera ikiwa Moshi mjini, miwa haigawanyiki mpaka uifikie karibu sana, Mawenzi inagawanyika tena na tena ikiwa bado iko kilomita 30. Fremu zimetoka 2 zimefika 50 na kitu.

#8 babu_wa_fremu

Vijana shkamooni mnanipa raha (najua mlitakiwa kuanza nyie).

Hii mnayoifanya ina umri mkubwa kuliko baadhi yenu. Lindstrom na wenzake waliandika 1996 jinsi ya kupima kosa kwenye skrini na kulinganisha na pikseli, mwaka uliofuata 1997 ikaja ROAM, mbinu nyingine ya kupunguza pembetatu. Enzi hizo kadi za picha zilikuwa dhaifu kwaiyo CPU (prosesa) ilikuwa inahangaika kuchagua pembetatu moja moja kila fremu, kama mama anachambua mchele. Baadae kadi zikawa na nguvu, CPU ikawa ndo kikwazo, watu wakaona bora umpe kadi kipande kizima kilichopikwa tayari hata kama kina pembetatu za ziada. Hiyo ya vipande aliiweka Thatcher Ulrich 2002, na ndo unayotumia wewe Meku hata kama hukujua.

Ila nakupinga pale ulipodharau umbali. Losasso na Hoppe 2004 walitumia maduara ya umbali tupu, miraba ndani ya miraba inayotembea na kamera, hawakupima ardhi kabisa, na wakarusha kamera juu ya Marekani yote, sampuli bilioni 20 zimebanwa kwenye MB 355. Miwa na Mawenzi kwao ni kitu kimoja.

#9 Meku_Pikseli

Shkamoo babu. Nakubali, ila wao maduara yao yalikuwa manene. Ukiwa na kadi inayomeza pembetatu kama maji, unaweka undani wa kutosha kila mahali hata Mawenzi inapata chake kwa bahati. Mi kadi yangu imeunganishwa na prosesa, inakopa RAM kwenye hizo hizo GB 8. Maskini lazima apime, tajiri anamwaga tu.

#10 babu_wa_fremu

Hapo nimekuelewa.

#11 rubani_wa_kochi

Sisi tusiojua kodi tunatokaje? Mi natumia hizi za kununua, milima ikiwa mbali inakuwa kama imeyeyuka, nikisogea inashtuka ghafla inabadilika umbo. Nikivuta ile slaida ya undani wa ardhi mpaka mwisho kompyuta inaganda.

#12 dada_wa_rada

Inategemea ipi. X-Plane ardhi yake imekatwa digrii moja moja kama hivi vigae, pembetatu zake hazina mpangilio wa mraba, zimejaa kwenye milima na chache tambarare, yani kazi ya Meku wameifanya mapema kabla hujanunua. Ile ya Microsoft ya 2020 ardhi nyingi inakuja kwa intaneti wakati unaruka, kwaiyo mlima kuyeyuka saa nyingine sio LOD ni bando lako limechoka. FlightGear ni ya bure na kodi yake iko wazi, ukitaka kujifunza anzia hapo, na mandhari unashusha eneo unalotaka tu.

Slaida usiivute mpaka mwisho. Ukiongeza undani mara mbili kwenda mbele na mara mbili pembeni umezidisha mara nne.

#13 chalii_wa_sakina

Wakuu nina matatizo mawili, la kwanza nikitokea Arusha kwenda kutua KIA kutoka magharibi, kuna mstari wa anga unaonekana ARDHINI, kama mtu kaichana dunia kwa kisu kaskazini mpaka kusini. La pili nikiwa Sakina, mtaani kwetu hapa Arusha, Kili inaonekana ndefu mno, sio ile tunayoiona asubuhi.

#14 Meku_Pikseli

La kwanza nalijua hata bila kuona hahaha. Hapo umepita nyuzi 37 mashariki, mpaka wa S04E036 na S04E037, uko kilomita kama 8 tu kabla ya KIA. Vigae viwili vinashea mstari wa nukta pale mpakani, namba ni zile zile, ila upande mmoja umechorwa kwa mita 30 na mwingine kwa mita 120, kwaiyo upande wenye nukta nyingi unapanda na kushuka na mwenye chache unakatiza moja kwa moja, kati yao panabaki ufa unaona anga. Hata ndani ya kigae kimoja utazikuta.

Dawa ya haraka ni sketi. Pembeni mwa kila kipande unashusha ukuta mfupi kwenda chini, urefu wake uzidi kidogo lile kosa la kipande. Ufa unabaki ila unachungulia kwenye ukuta wenye rangi ile ile ya ardhi, jicho halishtuki. Kuna dawa za kisomi za kushona nukta na nukta, mi nilijaribu wiki mbili nikarudi kwenye sketi.

Na ukimaliza ufa utakuta mstari wa mwanga palepale, kigae kimoja cheusi kidogo. Hiyo ni kwa sababu ukipiga hesabu ya jua unahitaji nukta za jirani na jirani yuko faili lingine. Fungua yote mawili ndo upige hesabu.

#15 dada_wa_rada

La pili, chalii umechora dunia bapa. Sakina mpaka Kibo ni kilomita kama 80, kwa umbali huo dunia imeshajikunja mita 500. Weka kwenye hesabu ya Meku, 500 × 935 ÷ 80,000, karibu pikseli 6. Mnapigana na pikseli 2 za LOD huku mna kosa la 6 kwenye umbo la dunia lenyewe. Ushushe kila nukta kwa umbali mraba gawanya kipenyo cha dunia, mlima utakaa sawa.

#16 chalii_wa_sakina

DAH. Nimeweka mistari miwili ya kodi kwenye sheda (kiprogramu kinachokaa kwenye kadi ya picha), Kili imekaa ilivyo. Dada nakudai soda, yani unanidai.

#17 rubani_wa_kochi

Na ile kushtuka je, mlima unaruka umbo ukisogea? Hakuna aliyejibu.

#18 Meku_Pikseli

Samahani mkuu. Kipande kikibadilika ngazi nukta zinahama ghafla. Kama kizingiti ni pikseli 2, haziwezi kuhama zaidi ya 2, kwaiyo kinadharia usione. Ila utaona, na mi ilinichukua muda kujua kwa nini. Umbo halijasogea sana, MWANGA ndo umeruka. Pembetatu kubwa ina upande mmoja unaotazama jua, ukiigawa kila kadogo kanatazama kwake, kivuli kinabadilika mlima mzima mara moja. Nilichofanya, mwanga nauchukua kwenye picha ya mita 30 siku zote, hata kama umbo ni la mita 480. Makelele yakapungua kuliko nilivyotegemea.

Yaliyobaki nikayamaliza kwa kuzisogeza nukta taratibu, sheda inachanganya urefu wa zamani na mpya kadri unavyokaribia. Na weka vizingiti viwili, kugawa kwenye 2, kuunganisha kwenye 1.5, la sivyo ukizunguka Kibo mduara kipande kinagawanyika kinaungana kinagawanyika kama taa mbovu.

#19 chalii_wa_sakina

Mangi swali la mwisho naenda kulala. Nimetua KIA, ndege imesimama, magurudumu yanatetemeka kama yana homa. Na lami kuna nyasi zinachomoza katikati.

#20 Meku_Pikseli

Nyasi ni LOD tena, ardhi iliyorahisishwa inapita juu ya lami. Pale uwanjani idanganye, vipande vyenye uwanja vipe kosa kubwa la uongo ili vigawanyike mapema, afu ardhi ya chini ya lami isawazishe na uishushe kidogo.

Homa sio LOD. Unahesabu kutoka katikati ya dunia kwa floti (namba ya desimali) ya biti 32 sindio? Kwa namba za milioni 6.37 floti inaruka nusu mita nusu mita, haina hatua ndogo zaidi. Toa nafasi ya kamera kwanza kwa dabo (ile ya biti 64) kwenye CPU, kadi uipe tofauti tu.

#21 chalii_wa_sakina

Imetulia. Lala salama meku.

#22 Meku_Pikseli

Mrejesho wakuu, na picha nimeweka hapo chini rubani usinisumbue tena.

Nimemuita mzee jana jioni, kamera pale pale, kizingiti pikseli 2. Kakaa, kavaa miwani, kanyoosha kidole kwenye Mawenzi akawa anahesabu meno kwa Kichaga polepole. Akasema yapo. Nikajua nimeshinda. Afu akahamia Kibo, akasema hiyo theluji niliyopaka ni ya wakati yeye anasoma shule ya msingi, niifute nibakize kidogo juu.

Kwaiyo leo usiku nafuta theluji.